Wanaomfukuza Yoeli

Jumamosi jioni Naipanoi alikuwa anamkamua ng'ombe wake wa pili simu ilipolia mfukoni mwa aproni. Aliitoa kwa mkono uliolowa maziwa, akaibana kati ya sikio na bega, akaendelea kukamua. Aliyepiga alikuwa mwanae Yoeli, kitinda mimba wake, kijana wa miaka ishirini na nane ambaye tangu azaliwe hakuwahi kutumia maneno matatu pale ambapo mawili yangetosha.

"Yeyo, nimekuwa wa kwanza." Yeyo ndivyo alivyomwita mama yake, kama Waarusha wenzake wote.

"Wa kwanza wa nini?"

"Mbio za leo. Kwa hiyo kesho naanza mimi, halafu wenzangu wananifukuza."

Naipanoi akaachia chuchu. "Wanakufukuza kina nani?"

"Wote. Kama thelathini hivi. Kuna mmoja wa Lesotho yuko nyuma yangu karibu sana, huyo ndiye hatari. Wa Moroko naye si mchezo."

Upande wa pili kulikuwa na vicheko vya wanaume wengi, na katikati ya vicheko hivyo mtu akapaza sauti: "Yoeli, bunduki yako umeiweka wapi?"

"Bunduki gani?" Naipanoi akauliza.

"Ile ya mgongoni, Yeyo. Kila mmoja ana yake. Usijali, tutaonana Jumatatu."

Simu ikakatika. Ng'ombe akageuza shingo kuangalia kwa nini kazi imesimama.

Alichokijua Naipanoi kuhusu mchezo wa mwanae kingeenea kwenye kijiko. Alijua kwamba mwaka juzi mwalimu mmoja mwanamke anayeitwa Elifuraha, mtu wa Machame, alirudi Makumira kutoka masomoni Ufini na makasha ya vibao vyembamba vyenye gurudumu mbele na gurudumu nyuma. Kule watu hutelezea juu ya theluji, na theluji ikiyeyuka huvaa vibao hivyo na kwenda navyo juu ya lami ili miguu isisahau. Yoeli, ambaye kazi yake ni kuchanja mifugo ya Olasiti na vijiji vya jirani, alikwenda Makumira kumtibu ng'ombe wa mwalimu, akaviona, akavijaribu, akaanguka, akavijaribu tena. Tangu hapo kila alfajiri alikuwa barabarani, fimbo moja kila mkono, akisukuma lami kwa mikono na miguu. Watoto wa mtaani walimpa jina la Buibui. Naipanoi aliona ni afadhali fimbo kuliko pombe, akanyamaza. Habari ya bunduki hakuna aliyempa. Bunduki zilikuwa zinafungiwa Makumira, chumbani kwa mwalimu.

Usiku huo hakupata usingizi wa maana. Kila alipofumba macho aliwaona wanaume thelathini wakitoka kwenye ukungu, bunduki migongoni, na mbele yao kijana wake anakimbia na magurudumu miguuni. Kulipopambazuka alimpigia mzee mwenzake wa kanisa, akamwambia kwamba matangazo ya ibada leo asome mtu mwingine. Mwenzake alidhani kuna msiba. Katika miaka kumi na saba ya uzee wa kanisa, Naipanoi alikuwa hajawahi kukosa zamu yake hata siku alipovunjika mkono.

Kisha akavuka barabara kwenda kwa Theresia.

Theresia alikuwa Mrombo, muuza misumari, mabati na rangi za nyumba, mwanamke mnene mwenye sauti ya kusikika ng'ambo ya pili ya mto, na kirikuu kidogo cha kubebea saruji. Alikuwa ameshasali misa ya kwanza na anakunywa chai.

"Mama Yoeli, huo ni mchezo tu," alisema baada ya kusikiliza yote. "Niliona tangazo lake pale Ngarenaro, limebandikwa ukutani. Mashindano ya Afrika nzima."

"Tangazo lilisema kuna bunduki?"

Theresia alifikiri. "Lilikuwa na picha ya mtu amelala chini na kitu kirefu. Nilidhani amechoka."

Waliangaliana. Theresia akasukuma kikombe pembeni, akachukua funguo.

Walishika baipasi, wakapita Ngaramtoni, wakapanda kuelekea Olmotonyi. Ilikuwa Julai, na baridi ya huko haina adabu, inaingia mpaka ndani ya meno. Mlima Meru haukuonekana kabisa. Wingu lilikuwa limeukalia kuanzia mabegani. Barabara ya msitu, lami mpya nyeusi iliyozunguka katikati ya mipaini, ilikuwa imefungwa kwa utepe, na kando yake watu walikuwa wamejaa kama siku ya mnada. Mama wauza maziwa walikuwepo, wanafunzi, mapadri wawili, wazee wenye mashuka, na kwaya nzima ya vijana iliyotoroka ibada ya pili ikiwa bado na majoho ya bluu.

Naipanoi hakutafuta mahali pa kukaa. Alikwenda moja kwa moja kwenye uzio wa wanamichezo, Theresia nyuma yake na chupa ya maziwa ya moto. Mwanamke wa ulinzi aliyesimama mlangoni alinyoosha mkono kuwazuia.

"Mimi ni mama wa yule wanayemfukuza," Naipanoi alimwambia.

Mwanamke alimtazama usoni, akashusha mkono.

Ndani, wanaume thelathini na kitu walikuwa wamejipanga mstari mmoja mrefu, wakirukaruka kupasha miguu joto, na kila mmoja kweli alikuwa na bunduki mgongoni. Yoeli alikuwa mbele kabisa, namba moja kifuani, amefumba macho. Kando yake alisimama mwalimu Elifuraha, mwembamba, kofia ya sufu kichwani, akimfunga kamba ya kiatu. Alipomwona Naipanoi aliinuka haraka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyempa mwanangu bunduki?"

"Hizi hazina risasi, mama. Zinatoa mwanga tu, kama tochi. Haziui hata nzi."

"Na hawa?"

"Hawa ni wenzake."

"Wenzake ambao wanamfukuza."

Elifuraha alitazama saa, akaona dakika za kueleza hazitoshi. Naipanoi alikuwa ameshampita, anamwendea mtu wa pili kwenye mstari. Huyo alikuwa kijana mrefu mweusi tii, amejifunga blanketi zito la sufu juu ya nguo za mashindano, blanketi lenye michoro ya kahawia. Naipanoi alilitazama lile blanketi na kidogo hasira ikapungua, kwa sababu mtu anayejua kujifunga blanketi vizuri namna ile hawezi kuwa mhuni.

Kijana naye alipomwona aliinamisha kichwa ili aguswe, kama wanavyofanya vijana wa Kimaasai kwa wakubwa. "Takwenya," alisema, kwa matamshi ya ajabu.

"Iko," Naipanoi akajibu kabla hajajizuia, na mkono wake ukawa umeshamgusa utosini.

"Anaitwa Tumelo," Elifuraha alisema. "Anatoka Lesotho, kwao ni mchunga ng'ombe na kondoo milimani. Salamu kafundishwa na Yoeli, wanalala chumba kimoja."

"Muulize, mwanangu amemkosea nini?"

Elifuraha akatafsiri kwa Kiingereza, uso ukimtetemeka kwa kuzuia kicheko. Tumelo alisikiliza kwa heshima zote, akajibu.

"Anasema alimkosea jana. Alimshinda."

"Na leo akimkamata atamfanya nini?"

"Nitampita, Mme," Tumelo alisema, na Elifuraha akatafsiri yote isipokuwa hilo neno la mwisho.

Theresia akashtuka. "Amekuitaje? Mume?"

"Kwao mme ni mama," Elifuraha alisema.

Theresia alilazimika kushika uzio. Alicheka mpaka chupa ya maziwa ikawa inatetemeka, na wale wanaume wa nyuma, wa Moroko, wa Kenya, wa Afrika Kusini, ambao hawakuelewa kitu, wakaanza kucheka pia kwa sababu kicheko cha Theresia kilikuwa hakiachi mtu salama. Naipanoi peke yake hakucheka. Alimimina maziwa kwenye mfuniko, akampa Tumelo. Tumelo akanywa yote kwa adabu, akabaki na mstari mweupe juu ya mdomo.

"Mpite taratibu," Naipanoi alimwambia. Kisha akamgeukia mwanae, ambaye sasa alikuwa amefumbua macho na anamtazama mama yake kama anayemwona simba kanisani.

"Yeyo, umefikaje hapa?"

"Ukiona wamekukaribia, ingia msituni," Naipanoi alisema, na walinzi wakamwongoza nje kwa upole.

Walipata nafasi nzuri kwenye uzio, mkabala na mahali pa kulengea shabaha. Spika zilizofungwa kwenye mipaini zilikoroma, halafu mtangazaji akaanza kueleza, na Naipanoi akasikiliza kila neno kama anayesomewa hukumu.

"Mabibi na mabwana, hizi ni mbio za kufukuzana. Aliyeshinda jana anatoka wa kwanza. Wa pili anatoka baada ya muda ule ule aliozidiwa jana, na wa tatu hivyo hivyo, mpaka wa mwisho. Watazunguka msitu mara tano. Kila wakirudi, isipokuwa mara ya mwisho, watalenga shabaha tano. Mara mbili watalenga wamelala, mara mbili wamesimama. Ukikosa shabaha moja, unazunguka mara moja kile kizunguko cha adhabu mnachokiona hapo. Atakayevuka mstari kabla ya wengine ndiye bingwa wa Afrika, hakuna hesabu nyingine."

Yoeli alitoka. Alisukuma fimbo mbili kwa pamoja, mwili ukakunjuka, na magurudumu yakalia juu ya lami, sauti nyembamba kama ya cherehani. Naipanoi alikuwa hajawahi kumwona akienda kwa nguvu namna hiyo, maana alfajiri yeye huwa zizini. Alipenda alichokiona, na hapo hapo Tumelo naye akatupa blanketi, akatoka, na nyuma yake wa Moroko, kisha wawili, kisha watano, na barabara ikameza mkia mzima wa wanaume wanaomfuata mwanae.

"Mungu wangu, ni wengi," alisema.

"Kula karanga," Theresia alisema.

Waliporudi kutoka raundi ya kwanza Yoeli bado alikuwa mbele. Akatupa fimbo, akashusha bunduki, akalala tumboni. Umati wote ukaziba masikio kusubiri mlio. Hakuna kilicholia. Kwenye ubao, mbali kidogo, duara moja jeusi liligeuka jeupe, kimya kimya, kama jicho linalofumbuliwa.

Watu walikata tamaa kabisa. Mzee mmoja mwenye shuka jekundu, aliyetembea tangu alfajiri kuja kusikia bunduki, alisema kwa sauti kwamba huu ni utapeli. Duara la pili lilipogeuka, mwanakwaya mmoja mwenye joho la bluu akamwonea huruma yule mzee, akasema, "Pa." Watu wakacheka. Duara la tatu, kwaya nzima ikasema pa. La nne, mlima mzima ukasema. La tano lilipogeuka sauti ilirudi kutoka msituni, na ng'ombe waliokuwa wanalisha upande wa pili wakakimbia.

Yoeli akainuka, akaokota fimbo, akaondoka. Shabaha zote tano.

"Umeona?" Theresia alimpiga Naipanoi begani. "Hakukosa hata moja."

Naipanoi alikuwa anamwangalia Tumelo, ambaye amelala pale pale alipotoka Yoeli. Pa, pa, pa, pa, pa. Naye hakukosa. Akainuka na kuondoka kama upepo. Umbali kati yao ulikuwa umepungua, hata mtu asiye na miwani angeona.

Raundi ya pili ilikuwa hivyo hivyo. Kwaya ilikuwa sasa imegawa sauti. Soprano walisema pa ya juu na besi pa ya chini, na wakati wa Moroko akilenga walimwimbia pa ya sauti nne ambayo ilimfanya ainue kichwa na kutabasamu. Akakosa moja. Wanaume walizunguka kizunguko cha adhabu, kipande cha lami kidogo cha mviringo, na wazee walihesabu kwa sauti raundi za kila mmoja ili asiwepo wa kudanganya. Hakuna aliyekumbuka baridi. Mapadri wawili walikuwa wamesimama juu ya kreti za soda. Theresia alikuwa amewamalizia karanga zao watu asiowajua.

Raundi ya tatu ilikuwa ya kulenga ukiwa umesimama. Yoeli alifika bado wa kwanza, akahema mara mbili, akainua bunduki. Umati ukavuta pumzi kwa pamoja. Na katika ule ukimya, yule mzee wa shuka jekundu, ambaye kwa furaha alikuwa amepoteza subira, akasema peke yake, kabla ya wakati, kwa sauti nzito ya kizee, "Pa."

Naipanoi aliyaona mabega ya mwanae. Aliyajua mabega hayo. Ndiyo yaliyokuwa yakitikisika kanisani Yoeli akiwa mdogo, mchungaji akikohoa katikati ya sala. Yoeli alikuwa anacheka. Alishusha bunduki, akaipandisha, akaminya midomo, akalenga, akakosa. Watu waliguna, mguno wao ukamchekesha zaidi. Akapata moja. Akakosa. Akapata. Akakosa. Wakati anahangaika, Tumelo alikuja akasimama kando yake, akapata nne, akakosa moja, akaenda kulipa raundi yake na kutokomea msituni.

Yoeli alikuwa na raundi tatu za adhabu. Katika kuzunguka mara tatu, wa Moroko akampita, wa Kenya akampita, kisha mmoja wa Afrika Kusini, kisha mmoja ambaye nchi yake hakuna aliyeishika. Umati wa nyumbani uliingiwa na huzuni kubwa. Mwanakwaya mmoja alifunika uso kwa joho. Yule mzee alijikunja ndani ya shuka lake asionekane.

Naipanoi akashusha pumzi ndefu, ya kwanza tangu Jumamosi jioni.

"Asante Yesu," alisema. "Wamempita."

Theresia alimgeukia taratibu. "Mama Yoeli."

"Wamempita wote wale wabaya, na hawajamfanya kitu. Sasa hakuna anayemwandama. Anaweza kurudi nyumbani taratibu."

"Mama Yoeli, mtazame mwanao."

Naipanoi akamtazama. Yoeli alikuwa anamaliza raundi ya tatu ya adhabu, hapo hapo mbele yao, karibu kiasi cha kumgusa. Kicheko kilikuwa kimekwisha. Alikuwa na uso aliokuwa nao siku ile alipokataliwa kwenda kuchunga na kaka zake akaambiwa bado mdogo, akabaki mlangoni mwa zizi anaangalia vumbi la ng'ombe likienda. Siku ile hakulia. Leo pia hakuwa analia. Alikuwa anaangalia barabara walikopotelea wenzake.

Naipanoi akaelewa kitu kimoja, na kilimfikia kwa ghafla hadi akaona aibu kukaa. Kufukuzwa hakukumtisha kijana huyu hata kidogo. Kilichomuuma ni kwamba hakuna tena aliyekuwa na haja ya kumfukuza.

Akapanda juu ya jiwe, akashika uzio kwa mikono miwili, na kwa sauti ambayo kwa miaka kumi na saba ilikuwa inasoma matangazo bila kipaza sauti, akamwita kwa Kimaasai.

"Yoeli. Wafukuze wewe."

Yoeli akageuza kichwa. Alimwona mama yake juu ya jiwe, kitambaa kimemtoka kichwani. Meno yake yote yakaonekana, na fimbo zikagonga lami.

"Amesema nini?" mmoja wa mapadri akamuuliza Theresia.

"Amemwachia aende," Theresia alisema, na akapanda juu ya jiwe hilo hilo, ambalo halikuwa kubwa kiasi hicho, wakashikana wasianguke.

Kwa muda mrefu hapakuwa na la kutazama isipokuwa msitu. Mtangazaji alikuwa na mtu wake huko mbele anayempigia simu, naye akawa anapokea na kugawa habari vipande vipande. Yoeli amempita yule wa nchi isiyojulikana. Yoeli yuko mgongoni kwa wa Afrika Kusini. Kwa kila kipande umati uliruka, na Naipanoi, aliyekuwa amekuja kuzuia mbio zisifanyike, aligundua kwamba alikuwa anamfinya Theresia mkono.

Ilikuwa inakaribia zamu ya mwisho ya kulenga. Akajua kitakachotokea. Akashuka kwenye jiwe, akaenda mbele ya kwaya, akainua mkono mmoja, kiganja wazi, kama anavyofanya watoto wakipiga kelele wakati wa sala. Wanakwaya wakanyamaza. Akamgeukia yule mzee wa shuka jekundu, akamwangalia tu. Mzee akaziba mdomo wake mwenyewe kwa shuka. Kimya kikasambaa kando ya uzio kutoka mtu hadi mtu, mpaka ikawa inasikika mipaini ikidondosha maji ya ukungu.

"Kwa wote," Naipanoi alisema. "Si kwa wangu peke yake."

Tumelo alifika wa kwanza, akalenga ndani ya kimya hicho, akakosa moja. Wa Moroko akakosa mbili. Wa Kenya, aliyekuwa amezoea kelele, alishangazwa na ukimya akakosa nne, akatazama nyuma kuona kama watu wameondoka. Kisha akaja Yoeli. Akasimama, akashusha pumzi, na Naipanoi akashusha naye. Duara jeupe. Jeupe. Jeupe. Jeupe. Hapo akasita, bunduki ikayumba kidogo, akaishusha, akaipandisha tena.

Jeupe.

Umati uliokuwa umeweka pa tano kifuani uliziachia zote kwa mpigo, na baadaye watu wa Ngaramtoni walisema walizisikia sokoni.

Yoeli hakuwa na adhabu ya kulipa. Alipita pembeni ya kizunguko huku wa Moroko akizunguka humo, akaingia msituni akiwa wa pili, Tumelo mbele yake kama mita mia. Raundi ya mwisho.

Sasa hata mtangazaji alikuwa hana habari. Mtu wake wa mbele alikuwa ameacha simu anashangilia. Palibaki kusubiri. Theresia alisali kwa Bikira Maria na Naipanoi, Mlutheri, akamwachia asali kwa wote wawili. Kwaya ilianza wimbo, ikausahau katikati.

Walitokeza juu ya mteremko, wawili, wamebanana. Vibao vile havina breki, na katika mteremko huo wanaume wengi siku nzima walikuwa wanajibana kwa woga. Hawa wawili hawakujibana. Waliinama, fimbo kwapani, wakashuka kama maji yaliyofunguliwa, na mlio wa cherehani ukawa mlio wa nyuki. Chini kabisa Yoeli alikuwa amemfikia. Wakaanza kusukuma, bega kwa bega, mkono kwa mkono.

Naipanoi alikuwa anakimbia. Hakukumbuka kuanza. Alikuwa anakimbia kando ya uzio, gauni ameshika mkononi, watu wakimpisha, na alikuwa anapiga kelele majina mawili. Yoeli, Tumelo, Yoeli, Tumelo. Alimwita huyu kwa sababu alimzaa na yule kwa sababu alimnywesha maziwa asubuhi na mama yake yuko mbali hawezi kupiga kelele. Walivuka mstari pamoja, kila mmoja ametupa mguu mbele, wakaendelea kwenda, hawana pa kusimamia, wakapita hema la wageni, wakapita meza ya chai, wakaishia kwenye rundo la majani ya mipaini, ambako walilala wakihema na kucheka, wamekumbatiana bila kujua nani kashinda.

Waamuzi waliangalia picha yao kwa muda. Kisha mtangazaji akasema kwa sauti ya mtu anayeomba radhi kwamba ncha ya kiatu cha Lesotho ilitangulia. Ncha ya kiatu tu. Tumelo wa kwanza, Yoeli wa pili, Moroko wa tatu.

Umati ulisimama na vinywa wazi, haujui uhuzunike au ufanye nini. Ndipo Naipanoi akapiga kigelegele. Kilikuwa kirefu, chembamba, kikapanda juu ya mipaini, na kilipokwisha Theresia akakipokea, kisha mama wauza maziwa, kisha kwaya, na huzuni ikakosa nafasi. Yoeli alikuja kwake na majani kwenye nywele.

"Yeyo, nimeshindwa kidogo."

"Nimeona. Niliona pia ulivyomfukuza." Alimtoa jani moja nyuma ya sikio. "Kesho utanieleza hizo fimbo mnazishikaje. Sasa waambie wenzako wote waje nyumbani."

"Wote?"

"Wote waliokufukuza. Siwezi kuwaacha watu thelathini waliomhangaikia mwanangu siku nzima waende na njaa."

Alasiri basi la wanamichezo liliingia Olasiti nyuma ya kirikuu cha Theresia. Wanawake wa kanisa, ambao asubuhi walikuwa wamekuja kutoa pole ya msiba na kukuta nyumba tupu, walikuwa wameshapikishwa kwa simu. Masufuria mawili makubwa ya loshoro, mahindi laini na maziwa mgando, yalisimama uwanjani. Wanaume walikaa kwenye mabenchi, kwenye ndoo zilizogeuzwa, kwenye ukuta wa zizi. Tumelo, medali shingoni, alikuwa ameshaingia kwa ng'ombe na anawakagua kwato mmoja baada ya mwingine.

Naipanoi alisimama na upawa. "Nyumbani kwangu," alisema, na Elifuraha akatafsiri, "wa mwisho ndiye anayekula kwanza. Bingwa atangoja. Nani alikuwa wa mwisho?"

Wanaume waliangaliana. Harufu ya maziwa ilikuwa inapita katikati yao.

"Mimi," alisema wa Uganda, akiinuka. "Nilianguka mara tatu. Kila mtu aliona."

"Ulianguka, lakini ulinipita kwenye mteremko," alisema wa Zambia. "Wa mwisho ni mimi."

"Nilikupita nikiwa naanguka. Haihesabiwi."

Wa Kenya akadai kwamba mtu aliyekosa shabaha nne mfululizo ni wa mwisho kwa roho hata kama si kwa miguu. Wa Moroko alianza kueleza jambo kwa mikono. Yoeli mwenyewe alinyoosha sahani na kusema kwamba hakumbuki vizuri, huenda alikuwa nyuma sana, na Theresia akamgonga kwa kijiko. Mabishano yalipamba moto mpaka kijana mmoja mfupi kutoka Malawi, aliyekuwa amekaa kimya ukutani na tope hadi magotini, alipoinua mkono na kuomba kusema.

"Mimi nilikosea njia msituni," alisema. "Nikatokea Ngaramtoni sokoni. Mama mmoja akanipa ndizi na kunionyesha basi letu likipita. Mstari sijauvuka mpaka sasa hivi."

Elifuraha alimaliza kutafsiri, akavua kofia yake ya sufu, akajifunika nayo uso.

"Kwa hiyo bado uko kwenye mbio," Naipanoi alisema.

"Nadhani hivyo, mama."

Akamjazia sahani mpaka juu.